Shikamoo Iliyokatwa Hewani

Majina sitayataja. Hewani tulitaja ya kutosha, na wapo mpaka leo wanaoninunia kwa kuwa niliwasahau. Nitasema mzee wa duka, fundi, meneja, bibi mkunga, na mimi mwenyewe na mdomo wangu, basi.

Stesheni yetu ya televisheni imeolewa mara tatu. Nasema imeolewa kwa sababu stesheni ndogo London haiwezi kuishi peke yake. Haina satelaiti yake, haina namba yake kwenye rimoti ya mtu. Lazima ijiunge na stesheni kubwa, iingie chini ya jina lake, ikubali masharti yake, ndipo ipewe saa zake za kuonekana. Wenye kazi yao wanaita ushirika. Mimi nimepika kwenye harusi nyingi, na ndoa nikiiona naijua.

Kuzaliwa ilizaliwa Kenton, hapa hapa London, juu ya duka la masufuria. Mwenye duka ni Muhindi wa Mombasa aliyekuja Uingereza kijana, na mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa natafuta mbuzi ya kukunia nazi, maana ile niliyokuja nayo kutoka Unguja meno yake yalikuwa yamekwisha, na kila duka nililoingia walinionyesha vitu vya kukwaruzia jibini. Nikaingia kwake, nikamweleza kwa Kiingereza, kwa mikono, mpaka kwa kuchutama nikamwonyesha inavyokaliwa. Akanitazama mpaka nikamaliza.

"Si useme mbuzi tu, bibi," akasema. Kisha akanijulia hali kwa Kimombasa, yaani wasemaje: "Wambaje?"

Nikamjibu sina la kuamba, kisha nikawa nalo, tukabishana juu ya ile mbuzi mpaka wateja wengine wakaacha kununua wakatusikiliza. Mwisho akanifungia kwenye gazeti, akasema, "Sauti hii yapotea bure. Mimi n'na kamera."

Alikuwa na kamera ya kupigia video za harusi, chumba cha juu kilichojaa masanduku ya safari, na ndoto ambayo mkewe alikuwa amechoka kuisikia. Mimi siku za kazi nilikuwa karani katika ofisi ya baraza la mtaa. Kutwa niliwasikiliza watu wakieleza shida zao kwa lugha isiyo yao, huku foleni nyuma yao inakohoa. Nilitaka pawe na mahali pamoja katika mji huu ambapo mtu wetu ataulizwa hali yake kwa lugha yake, na asikilizwe mpaka mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu, na sijaibadilisha.

Mume wa kwanza alikuwa stesheni ya Wahindi. Walitupa nafasi Jumapili asubuhi, kati ya nyimbo za sinema na matangazo ya vito vya maharusi. Mzee wa duka alipika mhogo wa nazi mbele ya kamera kwa masufuria yake mwenyewe, bei zikiwa bado zimebandikwa, na mimi nilisoma habari za watu wetu: nani kaoa, nani kajifungua, hitima ya nani itasomwa ukumbi gani. Tulidhani tutatazamwa na Waswahili wachache. Kumbe Kenton yote ilikuwa imejaa wazee wa Kihindi wa Kisumu, Tanga na Jinja ambao watoto wao hawakujua kwamba baba zao wanaota kwa Kiswahili. Walikuwa wakija dukani Jumatatu, hawanunui kitu, wanataka kusalimiana tu. Ndoa ile ilikuwa tamu. Kisha stesheni ikapata wakubwa wapya waliotaka sinema kutwa kucha, tukapewa talaka yetu kwa barua pepe.

Mume wa pili alikuwa kanisa, huko Peckham. Ndiyo, kanisa. Mchungaji alikuwa na stesheni yake ya mahubiri na saa moja ya Jumamosi isiyokuwa na mwenyewe, akatukaribisha kwa mikono miwili. Hebu fikiria: mimi na ushungi wangu, nimekaa mbele ya pazia la zambarau, nyuma ya pazia kwaya inafanya mazoezi ya ngoma, na kwenye skrini chini ya kidevu changu panapita maandishi ya ratiba ya maombi. Shangazi zangu walinipigia simu kutoka Unguja kuniuliza kama nimebatizwa. Lakini yule mchungaji hakuwahi kutuingilia hata neno moja, na Ramadhani ilipofika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza leo futari gani. Tuliachana kwa heshima, jengo lilipobomolewa kupisha fleti. Tukaondoka na fundi wao wa mitambo, Mkongo wa Lubumbashi, kama mke anayetoka na sufuria ambayo hakuja nayo.

Katika ndoa zote mbili hizo, hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tunasalimiana sana. Wahindi walikuwa hawatusikilizi, na kanisani kila aliyeshika kipaza sauti alisema marefu kuliko sisi.

Mume wa tatu ndiye aliyekuwa mkubwa khasa: mtandao wa televisheni ya Kiswahili wenye makao Nairobi, unaoonekana Afrika Mashariki nzima, nchi za Ghuba, na huku Uingereza. Tulihamia Edmonton, kwenye banda la bati nyuma ya maghala, ambapo malori yalikuwa yakirudi nyuma huku yanalia wakati mimi nasoma habari za misiba. Mtandao ulitupa nusu saa kila Jumamosi mchana, wakaiita dirisha. Kwa nusu saa hiyo, watazamaji wa Uingereza walituona sisi. Kwengineko kote waliendelea kuona mambo ya Nairobi. Nusu saa ikiisha, mtambo unalichukua dirisha lake wenyewe. Haukohoi, haubishi hodi. Mtu akiwa na neno mdomoni, neno hilo ni mali yake, akalimalizie nyumbani.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu sisi tunasalimiana.

Nieleze vizuri, asije mtu akadhani tulikuwa wazembe. Mgeni anaingia studio. Mimi namwamkia, naye ananiuliza nyumbani, watoto, na yule aliyekuwa mgonjwa. Nami namuuliza yeye, maana siwezi kupokea bila kurudisha. Mzee wa duka, aliyekuwa kashika kamera, anaona aibu kukaa kimya nyuma ya kioo, anatoka kuja kumpa mgeni mkono, na kamera inabaki inatazama kiti changu. Halafu simu zinaingia. Kila anayepiga anatusalimia sote mmoja mmoja, kisha anaomba awasalimie jamaa zake wa Leicester. Mpaka tufike kwenye mada, mtambo wa Nairobi umeshanyoosha mkono.

Meneja wa mtandao kwa upande wa London alikuwa kijana wa Kenya, nadhifu, viatu vinang'aa, anatembea kama mtu anayefuatwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

"Madam," aliniambia, "tuko na half an hour tu. Hizi greetings zinakula time. Cut them, twende straight kwa mada."

"Mwanangu," nikamwambia, "nikimkalisha mtu mzima kwenye kiti nikamuuliza mada kabla sijamuuliza kaamkaje, atanyanyuka aende zake, na mimi nitamfungulia mlango."

"But viewers wanataka content."

"Hao ndio wanaopiga simu kusalimia!"

Nilitaka kumwambia haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo imetumika mpaka imetoboka. Nikaendelea na kazi yangu vilevile.

Basi vuli moja tukamwalika bibi mkunga. Ni Mpemba, kazalisha Unguja na Pemba miaka na miaka, kisha akaja huku akazalisha tena kwenye hospitali ya kaskazini ya London mpaka alipostaafu. Wanawake wa Edmonton wakimwona kwenye basi wanainuka wenyewe, hata Waingereza. Alikuja kuzungumzia chanjo ya mafua, maana watu wetu wanaiogopa kuliko mafua yenyewe. Alivaa vizuri, akajitayarisha. Mafua hatukuyafikia. Tulikuwa bado kwenye hali za watu wa Leicester nilipopokea simu ya mwisho.

Ilikuwa sauti ya msichana, na nyuma yake mashine za kukaushia nywele zinavuma.

"Hi," akasema. "Um. I'm calling from Peckham." Kisha tukasikia anavuta pumzi. "Shikamoo, bibi."

Akaitamka taratibu, kila silabi imekaa mahali pake. Bibi mkunga akaweka mkono kifuani, uso ukamfunguka, akafungua mdomo.

Na mtambo ukachukua dirisha. Watazamaji wa Uingereza wakaona povu la sabuni ya kufulia.

Bibi aliitikia, na sote mle bandani tulimsikia. Lakini aliitikia ukutani. Kwenye runinga za watu, shikamoo ilibaki inaning'inia, na sabuni ikaendelea kutoa povu.

Simu zilizoingia baada ya hapo sijawahi kuziona tena. "Alimwitikia?" Kila mtu alitaka kujua hilo tu. Mzee mmoja wa Kenton alisema chakula kimemkwama. Mwishoni akapiga mama wa yule msichana, na niliweka simu kwenye spika ili bibi asikie. Mama alisema binti yake amezaliwa hapahapa, anasuka nywele kwenye saluni yao Peckham, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Wiki nzima alikuwa akilifanyia mazoezi neno lile mbele ya kioo. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili mbele ya watu.

"Sasa amekaa ananiambia, 'I said it wrong, Mum. She didn't even answer me.' Anasema harudii tena. Nimemweleza ni mitambo, hataki kusikia."

Nikasema tumpigie sasa hivi, bibi amwitikie, yaishe. Bibi mkunga akatikisa kichwa. Alikuwa na machozi, na alikuwa na hasira pia, nami nilimpenda kwa hayo yote mawili.

"Shikamoo kaitoa mbele ya watu," akasema. "Itajibiwa mbele ya watu. Nialike tena."

Nikamwalika Jumamosi inayofuata. Sikujua kwamba Jumatatu yake meneja atakuja bandani na viatu vyake vinavyong'aa kutwambia kwamba Nairobi wameamua. Dirisha linafungwa. Watatia muziki badala yetu.

"I'm sorry, Madam. I fought for you, believe me. Saturday hii ndiyo ya mwisho."

Mzee wa duka alikaa juu ya sanduku la nyaya. "Nusu saa moja tu yabaki?" akauliza, na meneja akaitika kwa kichwa.

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa vitabu husomwa na watoto. Kuondoka hewani kuliniuma, lakini talaka nimeshazizoea. Kilichonikereketa zaidi ni yule binti. Tulikuwa na nusu saa ya mwisho ya kumfikishia marahaba yake. Tukiikosa, hatutakuwa na mahali pengine pa kusemea, naye atazeeka akiamini kwamba siku aliyojaribu lugha ya mama yake, alikosea. Nilimpigia mama yake, nikamwomba runinga ya saluni iwe wazi Jumamosi, na amshawishi binti apige. Akasema runinga ataifungulia, ila kumshawishi hawezi kuahidi.

Jumamosi ikafika. Meneja alikuja mwenyewe kuhakikisha tunakabidhi kwa amani, akasimama karibu na fundi, vifaa vya kusikilizia masikioni. Bibi mkunga alivaa buibui jipya. Tulipoingia hewani tukasalimiana, tena siku ile nilisalimia kwa makusudi, kituo kwa kituo, huku namtazama meneja. Kisha bibi akaigeukia kamera.

"Mwanangu wa Peckham," akasema, "nakungoja."

Nilimnong'oneza aitikie tu, pengine binti anatazama. Akakataa. Alisema haitikii mtu asiyekuwepo, kwani yeye si kasuku.

Simu ziliingia. Watu walipiga kutuaga, wengine walilia, bwana mmoja wa Peckham akatulaani sisi na mtandao pamoja. Yule binti hakupiga. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani na kila nikiitazama inakuwa imekwenda zaidi ya ninavyotaka. Hata mafua tuliyasahau. Mwisho fundi akanyanyua mkono kunionyesha kwamba muda umekwisha, na mimi nikaitazama kamera, nikasema kwaherini.

Mtambo haukutukata.

Nikangoja. Kwenye skrini ndogo inayoonyesha kinachokwenda kwa watu, nilijiona mwenyewe nimekaa, nimenuna. Nyuma ya mitambo, simu ya meneja ilikuwa imeshaanza kulia.

"Mama, usiondoke!" fundi akaita. "Tuko hewani bado!"

Meneja alikuja mbio mpaka pembeni ya kamera, jasho limemtoka. Njia ya kebo kutoka Nairobi ilikuwa imekatika, ardhini au baharini, hakuna aliyejua. Mtandao mzima ulikuwa giza wakati ule ambapo Afrika Mashariki nzima inangoja kile kipindi chao kikubwa cha Jumamosi. Satelaiti yenyewe inarushiwa matangazo kutoka nje kidogo ya London, na picha pekee iliyokuwa na njia ya kuifikia ilikuwa yetu. Wameifungua kote: Uingereza, Ghuba, Afrika.

"Madam, endelea," alininong'oneza. "Please. Usisimame."

"Niendelee na nini?" nikamnong'oneza nami. "Hatuna filamu, hatuna muziki, kipindi kimekwisha."

"Anything!"

"Salamu?"

Nilimwona akimeza mate. "Salamu," akasema.

Ewe msomaji, sijawahi kupewa ruhusa tamu namna ile. Nilijiweka sawa ushungi, nikatazama kamera, nikawaambia watu wa nchi zote hizo kwamba hapa ni Edmonton, London, kuna baridi, na sisi hatujambo, je, wao?

Walituambia. Kwanza Edmonton, kisha Kenton, kisha namba za simu zikaanza kubadilika. Mombasa ikaingia, ikaingia Maskati, ikaingia Chake Chake, ikaingia Bukavu. Mzee mmoja wa Mombasa akaitambua sauti ya mwenye kamera, akamuulizia. Kumbe waliketi dawati moja utotoni, na tangu bwana yule aje Uingereza hawajasikiana. Mzee wa duka akaja mbele, akaulizwa wambaje, akashindwa kuamba. Alisimama tu kashika kipaza sauti, analia na kucheka, na mimi sikumharakisha. Nani angemharakisha? Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Siku ile niliona sauti inakaribia kuwa nusu ya pili.

Kisha mwanamke akapiga kutoka Maskati, akamwamkia bibi mkunga. Bibi akamwitikia, na kama ada akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani, mwanangu?" Mwanamke akataja mama yake, bibi akauliza mtaa, akauliza nyumba ilitazama wapi, kisha akapiga kelele. "Wewe si ulitoka miguu mbele! Ulinisumbua wewe, ulinisumbua! Mama yako hajambo?" Tangu hapo kila aliyezaliwa Unguja na Pemba miaka ile alitaka kujua yeye alitoka vipi. Bibi aliwaambia, na wengine nadhani wangependa asingewaambia.

Katikati ya hayo akapiga mama mmoja mtu mzima kutoka Machakos. Akatusalimia vizuri, akashukuru, kisha akasema ana kijana wake huko London, mkubwa wa mambo haya ya televisheni. Kama tunamjua tumwambie mama yake anamsalimia. Anajua yuko bize.

Nikamtazama meneja. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Tunamjua," nikasema hewani. "Yuko hapa. Njoo, mwanangu, msalimie mama yako."

Alikuja. Sikutegemea, lakini alikuja, akakaa kwenye kiti cha mgeni na koti lake zuri, nchi zote zinamtazama. Alimsalimia mama yake kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, akauliza ng'ombe, akauliza mguu wake, akauliza paa kama limezibwa, akauliza jirani. Sikuona salamu ndefu kama ile katika ndoa zote tatu. Niliitazama saa ya ukutani kwa namna ambayo kila mtu bandani alielewa, na fundi akaficha uso nyuma ya mitambo.

Tuliendelea mpaka chai ikatuishia. Halafu meneja, aliyekuwa amesharudi mahali pake, akashika vifaa vyake vya masikioni, akasikiliza, akaniashiria: Nairobi wamerudi. Wanalichukua dirisha. Fundi akainua mkono, vidole vyote vimenyooka, tayari kuhesabu.

Na mimi nikasikia mashine za kukaushia nywele.

"Hello?" sauti ikasema. "It's me. From last week."

Huko saluni mtu alizima mashine, moja, kisha nyingine, mpaka tukawa tunasikia pumzi zake. Fundi alikuwa anakunja vidole. Bibi mkunga alikuwa ameshika mikono ya kiti. Nilitaka kumwambia binti afanye haraka, mimi, niliyepigania salamu ndefu miaka yote hiyo! Nikajiuma mdomo.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Bibi alikuwa analia, na marahaba yake ilikuwa imekwama njiani. Vidole vya fundi vilikuwa vimebaki viwili.

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya meneja. Hakuwa ananong'ona. Alikuwa anawapigia kelele wakubwa wake wa Nairobi kwenye kile kipaza sauti chake, na sote tulimsikia, na nadhani Machakos pia walimsikia. "Ngojeni! Msikate! Kuna shikamoo hewani!"

Wakangoja. Mtandao mzima, na kipindi chao kikubwa, na watangazaji wao wamesimama wamejipamba, wakamngoja bibi mmoja wa Kipemba kwenye banda la Edmonton afute machozi.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba. Umeisema vizuri. Umeisema vizuri kuliko wote."

Saluni nzima ya Peckham ikapiga vigelegele. Bibi akajifuta kwa ncha ya buibui, akainama karibu na kamera, akakumbuka kilichomleta wiki mbili mfululizo.

"Na ukachanje mafua," akasema.

Hapo ndipo Nairobi ikachukua dirisha lake.

Leo hatuna tena nusu saa. Kila Jumamosi tuna mchana mzima wa salamu, na tunaonekana kote mtandao unakoonekana. Mzee wa duka ameajiri mtu wa kamera ili yeye aweze kutoka kwenda kusalimia wageni bila picha kubaki inatazama kiti. Yule binti wa Peckham anakuja kupokea simu, na akikosea anakosea kwa sauti kubwa bila ya kuona haya. Na kwenye mkataba wetu kuna sharti nililolitaka mimi na kulisimamia mpaka likaandikwa: hakuna mtambo utakaokata shikamoo kabla ya marahaba. Wanasheria wao waliniuliza hiyo marahaba huchukua muda gani. Nikawajibu inategemea na mtu.

Habari ya huo mchana mzima alinipa meneja kwa simu, Jumatatu baada ya siku ile. Nilikuwa ofisini kwangu, foleni iko mbele yangu inakohoa, nikaona jina lake. Nikapokea, nikangoja aingie moja kwa moja kwenye mada kama kawaida yake, na mimi nilikuwa nimeshajitayarisha kwa mazuri na kwa mabaya.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilimwacha aning'inie kidogo, ajue inavyouma. Kisha nikamwitikia.